Khanga Nyekundu Juu ya Dungu

Jumatatu, 5 Mei

Dunguni, jukwaa langu la kufukuzia ndege shambani, tangu alfajiri. Kwelea wamefika kabla yangu. Nimevuta kamba ya makopo mpaka imenikata kidole. Mpunga umeanza kuinama. Zimebaki wiki tatu, labda na siku mbili. Kwa wiki tatu hizi siendi harusini wala arobaini ya mtu. Anayetaka kunisema aniseme.

Bi Mwanaidi wa dungu la jirani anaimba kutwa. Sauti yake mbaya kuliko makopo, kwelea wake wote wanahamia kwangu. Nimemwambia. Amecheka, akaimba zaidi.

Jioni amepita Shemeji Kassimu, mdogo wa Mussa, marehemu mume wangu, sasa mwenyekiti wa kitongoji, na uenyekiti umemkaa shingoni. Amesimama ukingoni mikono nyuma, anautazama mpunga wangu kama anaupimia nguo. Ameuliza kama nitaweza peke yangu. Nimemwambia nimefundisha miaka thelathini, darasa moja watoto sabini, kwelea ni wanafunzi tu. Hakucheka.

Analitaka shamba. Mussa aliniachia mimi, lakini ardhi ya bondeni ni ya ukoo, na ukoo hapa una kipimo kimoja: anayelivuna ndiye mwenyewe. Mwaka jana mafuriko yalizoa kila kitu, wakanisamehe. Kikao ni baada ya mavuno. Nikikosa na mwaka huu, Kassimu analichukua, nami nibaki na kibanda changu Mtunda na pensheni ya ualimu. Simpendi mtu huyu. Hata salamu yake siipendi.

Jumanne, 6 Mei

Manyunyu. Kwelea hawajali manyunyu. Mgongo unauma.

Nimefunga khanga nyekundu kwenye fito ndefu, khanga ile aliyoninunulia Mussa kule Ikwiriri. Nikiipunga wanaruka kundi zima. Mwanaidi anasema zawadi ya marehemu haifai kutishia kwelea. Kwani marehemu anataka kuivaa?

Alhamisi, 8 Mei

Mikono bado inanuka mafuta ya ndege. Naandika hivyo hivyo.

Saa nne asubuhi kundi kubwa lilitua kona ya mtoni. Nilisimama juu ya dungu nikapunga khanga kwa nguvu zote. Ikaja ile ndege ndogo inayozunguka wiki nzima, wanasema inahesabu mikoko kule delta. Ilikuwa chini kuliko siku zote. Injini ikakohoa. Ikanguruma kidogo, ikakohoa tena, halafu kimya. Feni ya mbele ilisimama wima, nimeiona kwa macho yangu. Kimya kile sijui nikiandikeje. Nilisikia makopo yangu mwenyewe yakigongana kwa upepo.

Ilikuwa inaelekea mtoni, kwenye mchanga. Kisha ikageuka, ikaja kwangu. Nikapunga zaidi. Nilitaka iende zake. Nilipiga kelele, nenda huko, toka, kama ninavyowafokea kwelea. Ikapita ubavuni mwa dungu, upepo wake ukanivua mtandio, ikaingia kwenye mpunga. Ikateleza mbali. Gurudumu likashika tuta la mpakani, ikapiga pua chini, ikalala ubavu.

Dungu lina ngazi ya vipago saba. Sikumbuki kukanyaga hata kimoja.

Rubani ni msichana. Angeweza kuwa mwanafunzi wangu wa miaka ile ya mwisho. Mguu wake umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki. Nyuma yake mwanamume wa makamo, ndiye bwana wa kuhesabu mikoko, ameshika bega na anasema Mungu wangu, Mungu wangu, bila kupumzika. Harufu ya mafuta kila mahali. Mimi na Mwanaidi tukawavuta nje. Tukawalaza kwenye mpunga, pale pale ulipokuwa umestawi kuliko kote. Nikavunja ile fito vipande viwili, nikaufunga mguu wa msichana kwa khanga.

Baada ya nusu saa kilikuja kijiji kizima. Pikipiki hadi ndani ya shamba. Simu juu. Nimetukana matusi ambayo sikujua kama ninayajua. Mmoja niliyemfundisha kusoma ameniamkia, shikamoo Mwalimu, amesimama juu ya mashuke. Nimeitikia, halafu nikampiga kofi.

Msichana alipokuwa anabebwa alisema, "Mama alinipungia." Wakasema anaweweseka. Mimi najua haweweseki.

Alasiri askari aliniuliza, ulimpungia? Kassimu alikuwa amesimama nyuma yake, shingo mbele, anasubiri. Nikaona maneno yatakavyosemwa kikaoni: ameiita mwenyewe, ameliangamiza shamba la ukoo kwa mkono wake. Nikajibu hapana. Nikasema nilikuwa chini ya dungu nakula kiporo.

Mwanaidi alinitazama. Jioni akashuka dunguni bila kuimba. Kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Ijumaa, 9 Mei

Kamba. Ya plastiki, ya bluu. Kassimu na mgambo wawili wameizungusha kuanzia asubuhi, siyo kwenye ndege, shamba zima, kona hadi kona. Dungu langu liko ndani. Anasema ni amri ya wakaguzi wa Dar, asiingie mtu mpaka wafike.

Nimemwambia sitaki ndege yao, nataka kukaa dunguni kwangu niamie mpunga wangu usiliwe.

"Shemeji, sheria ni sheria. Mafuta yale yakiwaka, mie ntasema nini kwa ukoo?"

Leo ukoo unamjali shemeji yake asiungue. Ajabu.

Nimekaa njiani na kombeo. Nimerusha madongo mpaka bega likagoma. Kona ya mtoni hayafiki. Kwelea wametua huko wakala kwa raha zao, nami nawatazama. Mgambo mmoja alinionea huruma akaniletea kiti. Nimekikataa.

Jumapili, 11 Mei

Kijiji kimegawanyika. Nusu wanasema Mwalimu ni shujaa, kaishusha ndege kwa khanga. Nusu wanasema Mwalimu kaiita ndege ili apate kuonekana. Mama mmoja ameniletea kuku wa hongera. Kuku nimemrudisha. Nilimtamani, lakini nimemrudisha.

Wote siwataki. Nilikuwa nafukuza kwelea.

Jumatano, 14 Mei

Wakaguzi bado. Kamba ipo. Mgambo wanalala kutwa chini ya bawa la ndege, wao ndani, mimi nje. Mpunga wa kona ya mtoni umebaki mabua matupu yaliyosimama wima. Mpunga ulioliwa hauinami tena, na hiyo ndiyo inayoniudhi kuliko yote, unasimama kama una afya.

Nimemfuata Kassimu barazani kwake. Nimemwomba. Mimi, nimemwomba yeye. Mkewe alikuwepo. Kassimu amenisikiliza hadi mwisho, akanikaribisha chai, akasema subira huvuta kheri. Wanasema adui mwombee njaa. Huyu hakujisumbua kuomba, kaivuta njaa kwa kamba akaileta mwenyewe.

Chai sikunywa.

Jumamosi, 17 Mei

Nimekwenda Kibiti hospitalini. Kudai khanga yangu. Si kwa jingine.

Msichana anaitwa Neema. Kwao Singida. Mguu umening'inizwa kwa vyuma, uso umevimba, na bado amejitahidi kuinuka aniamkie. Nilikuwa nimetayarisha maneno makali njia nzima. Yamenishinda kutoka.

Amenisimulia yeye, sikumuuliza. Injini ilipozima alishauchagua mchanga wa mtoni. Umenyooka, hauna miti. Kisha akaona kitu chekundu. Akaona mtu juu ya dungu anapunga, na kadiri alivyosogea ndivyo mtu yule alivyozidi kupunga.

"Nikasema, huyu ni mwenyeji. Anaijua ardhi yake. Anajua kitu kuhusu ule mchanga ambacho mimi sikijui."

Akageuka.

Sasa wakubwa wake wanamuuliza, mchanga mweupe mbele yako, kwa nini uliuacha ukaenda kwenye majani na matuta? Amewajibu kuna mama alinipungia. Wamemwambia mama mwenyewe amekana, yapo maandishi ya polisi. Wanasema alitaharuki. Wanasema rubani anayetaharuki hafai kurusha ndege tena. Alisema haya bila kulia, anatazama dari. Hakunilaumu. Angenilaumu ningejua la kumjibu.

Aliniuliza, "Mama, ule mchanga una nini?"

Nikasema sijui. Nikasema nitarudi.

Khanga ilikuwa chini ya mto wake, imefuliwa, imekunjwa. Amenipa kwa mikono miwili. Nimeichukua nikatoka. Nimekaa stendi saa nzima nayo mapajani, magari ya kwetu yanapita na sipandi. Najichukia. Miaka thelathini nimewachapa watoto wa watu kwa kusema uongo.

Jumatatu, 19 Mei

Nimemuuliza Mwanaidi kuhusu mchanga. Anasema juu mkavu, chini uji, tangu mafuriko. Anasema ulimmeza ng'ombe wa Mmang'ati mwezi uliopita mpaka pembe. Labda. Mwanaidi husema mengi.

Hata kama ni kweli, mimi sikuwa najua.

Jumanne, 20 Mei

Mkaguzi amefika. Mmoja tu, mtu mfupi mwenye mabuti ya mpira na mkoba. Watu walitegemea msafara.

Amefanya kazi asubuhi yote bila kusema na mtu. Amechota mafuta kutoka chini ya bawa, akayatia kwenye kichupa, akakiinua juani. Hata mimi niliye nje ya kamba niliona mstari. Juu mafuta, chini maji. Amesema ni mapema kusema, lakini injini hainywi maji. Pipa gani, la nani, huko nako watakwenda kuchimba.

Kisha akaitazama kamba kama ndiyo kwanza anaiona. Akauliza ni nani aliyezungushia shamba zima.

Kassimu akasema ni amri yenu, mheshimiwa.

"Mimi nilikwambia kwenye simu siku ile ile, hatua kumi kuizunguka ndege. Mwenye shamba aendelee na kazi zake. Huu mpunga umeliwa na nini?"

Kulikuwa na watu kama arobaini pale. Kassimu alitazama viatu vyake. Siku kumi na mbili. Siku kumi na mbili nimekaa njiani kama ombaomba, na kumbe kamba ni ya kwake. Ningekuwa na panga mkononi leo ningeandikia haya mahabusu.

Mkaguzi akanigeukia mimi. Akafungua karatasi ya polisi, akanisomea maneno yangu. Chini ya dungu. Kiporo. Akauliza kama nina la kuongeza. Kassimu akainua kichwa. Nilimwona akiinua. Alijua, na mimi nilijua: nikisema nilipunga, nimemwokoa yeye Kassimu. Kamba itasahaulika, khanga ndiyo itakayosemwa kikaoni.

Nilitaka kunyamaza. Niandike ukweli hapa: nilitaka sana.

Nikasema, "Nilipunga. Nilikuwa nafukuza kwelea. Ndege ilipokuja kwangu nikapunga zaidi, nikitaka iondoke. Sikumwita. Lakini alichokiona ni mtu anayempungia, na hajasema uongo. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Watu wakaguna. Mkaguzi akaandika pole pole, akanisomea, nikatia sahihi. Mwandiko wangu ulikuwa mbaya kuliko wa mtoto wa darasa la kwanza. Aliniambia asante mama, akaondoka na kichupa chake.

Kassimu akatabasamu. Meno yote.

Nikachukua kisu cha kuvunia, nikakata kamba mbele yake, kona baada ya kona, nikaikunja nikaitia kapuni. Mgambo hawakunizuia.

Jumapili, 25 Mei

Navuna. Kilichobaki ni katikati tu, pale watu na mgambo walipokuwa wanapita pita hata kwelea wakaogopa kutua. Yaani wamenisaidia kwa uvivu wao.

Jana ndege imefunguliwa vipande ikapakiwa kwenye lori. Imeacha alama ndefu kwenye matope, imejaa maji. Vyura wamehamia.

Mwanaidi amekuja kusaidia kuvuna bila kuitwa. Ameimba. Sikumnyamazisha, lakini sikumsifu.

Ijumaa, 30 Mei

Magunia mawili, la pili halijajaa. Shamba hili lilitoa kumi na nne enzi za Mussa. Nimeyatazama jioni yote.

Jumapili, 1 Juni

Kikao. Barazani kwa Kassimu, bila shaka. Mikeka mipya.

Alianza yeye. Alizungumza vizuri, sikatai. Akasema shemeji yetu tunamheshimu, ametusomeshea watoto, lakini shamba limemshinda miaka miwili. Tena mwaka huu kaiita balaa kwa khanga, kakiri kwa mdomo wake na sahihi kaweka. Ukoo ukatikisa vichwa. Walitikisa kwa pamoja, utadhani wamefanya mazoezi.

Nikamwaga kamba katikati ya mkeka. Ni ndefu ile kamba, ilichukua muda. Nikasema haya nayo ni mavuno ya shamba langu, nani aliyeyapanda? Nikaeleza. Hatua kumi. Siku kumi na mbili.

Kassimu akasema mkaguzi alisahau maneno yake mwenyewe.

Sikutegemea msaada. Aliyesimama mlangoni ni Mwanaidi, ambaye si wa ukoo na hakuitwa, na alikuwa amefura kwa hasira.

"Mie sikuja kumtetea Mwalimu, Mwalimu hana adabu na majirani. Mie nimekuja kwa mpunga wangu. Kwelea waliokaribishwa na kamba hiyo wamekula na wangu. Nilisikia mkaguzi kwa masikio yangu, na watu arobaini walisikia. Weye Kassimu, wangu utanilipa kwa lipi? Au na shamba langu unalitaka?"

Ikawa kelele. Wengine wenye mashamba ya karibu nao wakakumbuka kwamba wameliwa. Mkewe Kassimu akaingia ndani akafunga mlango. Mpaka adhuhuri wamebishana, kisha wakaamua: shamba libaki kwa Mwalimu mwaka mmoja zaidi, ajaribiwe.

Nijaribiwe. Umri huu. Sikuwashukuru. Nimeokota kamba yangu nikaenda zangu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimerudi Kibiti hospitalini, na kilo mbili za mchele mpya. Kitanda kina mgonjwa mwingine. Muuguzi anasema Neema amehamishiwa Dar. Amesema watu wa kazini kwake walikuja wakazungumza naye kwa muda mrefu, na baadaye alikula chakula chote. Zaidi ya hapo hajui.

Mchele nimemwachia muuguzi.

Jumanne, 12 Mei

Daftari hili sikuligusa tangu mwaka jana. Nimelikuta chini ya kitanda, panya wamekula kona.

Dungu jipya. Nimeongeza kipago kimoja. Mpunga umeinama hadi kona ya mtoni. Alama ya ndege haionekani tena, ila pale mpunga ni mrefu zaidi, sijui kwa nini. Kassimu anapitia njia ya mbali. Mwanaidi anaimba.

Saa tano kundi lilitua. Nikasimama, nikainua fito, khanga ikashika upepo. Nikasikia injini. Ndege ndogo, nyeupe, kutoka upande wa delta, chini kidogo. Sikuona nani yumo. Ilikuwa inanguruma vizuri, bila kukohoa.

Nikashusha fito. Nikaikunja khanga, nikaikalia. Kwelea wakala. Mwanaidi akapiga kelele kutoka dungu lake, Mwalimu, umelala? Nilikaa hivyo, mikono mapajani, mpaka ndege ikavuka mto na sauti yake ikaisha.

Ndipo nikasimama, nikaendelea na kazi.